Jina Lililogandisha Maziwa

"Sisemi," Mukabalisa alisema kwa mara ya nne asubuhi hiyo, mikono yake ikichambua maharagwe bila kupunguza mwendo. "Na ukilitaja tena jikoni kwangu, utatoka na maharagwe kichwani."

"Yaya, ni neno moja tu," Onésime alimsihi dada yake mkubwa.

"Hata 'mwizi' ni neno moja. Mbona hilo hujawahi kumwambia?"

Onésime alitazama soksi zake. Zilikuwa nyeupe, zimevutwa mpaka magotini, kama inavyompasa mtu anayefanya kazi kwenye maabara ya wazungu. Alikuwa mdogo wake wa mwisho. Mukabalisa ndiye aliyembeba mgongoni walipoteremka kutoka milima ya Masisi, na mpaka leo akigombezwa naye alisimama kama mtoto aliyekojolea mkeka.

Kati yao, juu ya kata ya majani, kilikaa kibuyu. Ndani yake mlikuwa na maziwa ya Jumanne jioni, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Hayakuwa yameganda. Hayakuwa yameoza wala hayakuwa yamepoa. Yalikuwa na joto lilelile la kiwele, yametulia kama watu kwenye mstari wa kulipa kodi. Yalikuwa yanangoja jina.

Jambo lenyewe lilikuwa rahisi kueleza. Jumanne saa tisa alasiri ndege ilishusha mifuko ya posta katika uwanja wa Goma, na katika mfuko mmoja mlikuwa na jarida la wataalamu kutoka Ulaya. Jarida lilitangaza kwamba Dokta Kerremans, mwanzilishi wa kemia ya viumbe hai katika Kivu nzima, alikuwa amegundua chachu mpya ya kugandisha maziwa, nayo kuanzia sasa ingeitwa chachu ya Kerremans. Kazi ya chachu hiyo ingeitwa mmenyuko wa Kerremans. Kasi ya kazi hiyo ingepimwa kwa kipimo kiitwacho Kerremans. Kuanzia saa hiyo, kati ya Goma na Kibati hapakuwa na maziwa yaliyoganda kabla ya jina hilo kutajwa.

Aliyeligundua ni Séraphine, jirani wa ukuta mmoja. Onésime alisimama mlangoni kwake na jarida mkononi akimsomea kwa majivuno, na Séraphine, ambaye ndio kwanza alikuwa amefunga kibuyu chake, akauliza: "Kerremans? Si ule mutu anatembea kama amekalia yai?" Maziwa yakaganda palepale, kwa sauti ndogo ya mtu mnene anayeketi. Onésime naye akalitaja jina juu ya kibuyu cha pili. Hakuna kitu. Maziwa yalisikiliza sauti ya mwanamke aliyefunga kibuyu, basi, na hilo halikumsumbua mtu yeyote, maana vibuyu vilikuwa na adabu hiyo tangu zamani. Kufikia Jumatano mchana wanawake wa mtaa wote walikuwa wakilitaja, wengine wameziba pua, mmoja kwa kuimba.

"Tunamutaja mufalme wa Ubelgiji kila mwaka tukilipa kodi," Séraphine alisema sasa, akiingia jikoni bila kubisha hodi, kwa sababu ugomvi ulikuwa umesikika mpaka kwake. "Na hatujakufa. Sema, mama, tumalize. Watoto watafika saa sita."

"Mufalme hakuchukua kibuyu cha bibi yangu."

"Huyo alichukua nchi yote. Wewe unalia kibuyu."

"Nchi sikuikamua mimi," Mukabalisa alisema.

Kibuyu hicho kilikuwa na historia fupi. Bibi yake, Nyiransengimana, alikianzisha mwaka ule tauni ilipomaliza ng'ombe wa Masisi, akabaki na mmoja, kipofu. Alipogundua namna ya kufukiza kibuyu kwa moshi wa mti fulani na kuacha vidole viwili vya maziwa ya jana chini kama mbegu, maziwa ya yule ng'ombe mmoja yalilisha nyumba tatu. Tangu hapo mbegu haikukatika. Kila mwanamke wa nyumba hiyo, akifunga kibuyu jioni, alisema: "Nyiransengimana, ingia kazini." Kesho yake mchana maziwa yalikuwa tayari. Bibi alikuwa amekufa miaka thelathini, lakini kazini hakuwahi kuchelewa.

Miaka miwili iliyopita Onésime alimleta Dokta Kerremans nyumbani. Dokta alikunywa vikombe vitatu, akafuta sharubu, akaomba mbegu. Kwa watu wa Mukabalisa mbegu ya maziwa haiuzwi na haikataliwi. Anayeomba anapewa, na anadaiwa adabu moja tu: chombo hakirudi kitupu. Unakirudisha na mtama, na chumvi, na kama huna kitu unatia unyasi mbichi, kuonyesha kwamba unakumbuka ulikonywea. Mukabalisa alimpa mbegu katika kibuyu kidogo, akamwambia na mti wa moshi ni upi, na vidole ni viwili, si vitatu. Alidhani kwamba hata muzungu ana mama aliyemfundisha. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, na hakumtafutia mtu mwingine wa kulibeba.

Kibuyu kidogo kilirudi jana, kimeletwa na dereva. Kilikuwa kitupu. Kilikuwa kimeoshwa kwa sabuni, jambo ambalo hata mwendawazimu hafanyii kibuyu cha maziwa, na kilikuwa kimebandikwa karatasi iliyoandikwa *Kerremans, namba 1*.

"Lakini soma mwisho, yaya," Onésime alikuwa amesema, akimfunulia jarida. "Wametutaja."

Kweli walikuwa wametajwa. Chini kabisa, kwa herufi za ukubwa wa mayai ya chawa, Dokta Kerremans alimshukuru mzawa mmoja kwa kuosha vyombo. Mzawa huyo ndiye aliyekaa miezi kumi na minne na saa na kipimajoto, akiandika maziwa yameganda dakika ya ngapi, wakati dokta akiwinda viboko huko Vitshumbi. Onésime alikuwa ameisoma sentensi hiyo mara nyingi kiasi kwamba ukurasa ulijifungua hapo wenyewe.

Naye dokta alikuwa amelitafutia jina lake pa kukaa kwa muda mrefu. Alianza na inzi mmoja wa ziwani, akakuta inzi ana mwenyewe, profesa wa Ujerumani. Akajaribu konokono, konokono naye alikuwa amekwisha kuchukuliwa. Alipolipatia jina lake nafasi kwenye maziwa, alilibandika kila mahali: kwenye chupa, kwenye kijiko kilichopinda, kwenye kiti. Tangu Jumanne chupa hizo ziligeuza karatasi zake na kumfuata alikopita chumbani, kama alizeti. Onésime alilazimika kuzifuta vumbi upande wa mgongo. Kwenye daftari la maabara aliliandika hilo chini ya kichwa "Mengineyo".

Mukabalisa hakuona ajabu kwamba maziwa yamebadili bwana. Kitu kikiitwa sana na mwenye sauti kubwa, kitaitika. Kilichomkera ni upumbavu wa jambo lenyewe. Kwao kila mtoto hupewa jina lake, jipya, siku ya nane, na anapokufa analala nalo. Wazungu ndio waliovalishana jina moja, babu mpaka mjukuu, kama nyumba yenye jozi moja ya viatu. Na sasa maziwa yamevishwa viatu hivyo.

Siku ya nane ndiyo ilikuwa leo. Binti yake, Annonciata, alikuwa ndani na mtoto wake wa kwanza, wa kiume, ambaye bado hakuitwa kitu. Saa sita watoto wa mtaa wangekuja na vijiti, walime kidogo uani, wamwagiwe maji kama mvua, wakimbilie ndani, wale maharagwe na kunywa maziwa ya kuganda ya nyumba hiyo, na kila mmoja ataje jina analomchagulia mtoto. Baba wa mtoto, Cyprien, aliyekuwa amelala baada ya kuendesha lori la samaki usiku kucha, angetaja la mwisho, nalo ndilo lingekaa. Mtoto naye angewekewa tone mdomoni. Mtoto aliyekosa tone la kibuyu cha nyumba alibaki mgeni. Angekula, angekua, lakini angekuwa mgeni, na Mukabalisa aliwajua watu wazima wawili wa namna hiyo, na hakuna hata mmoja aliyejua pa kwenda akifiwa.

"Mama," Annonciata aliita kutoka ndani, "nitumie maziwa ya Mama Séraphine basi. Yameganda vizuri."

"Mutoto ni wa Séraphine?"

"Hapana, mama."

"Basi nyamaza, umunyonyeshe."

Saa tano kasoro gari lilisimama nje na Dokta Kerremans akaingia uani, kweli akitembea kama aliyekalia yai. Alikuwa na saa mbili, moja kila mkono, na daftari jipya. Aliketi kwenye kiti alicholetewa bila kusema asante, akaingiza kipimajoto kwenye kibuyu bila kuomba.

"Muzuri," alisema. Kiswahili chake alikuwa amekijifunza kwa kuwatuma watu. "Goma yote, kibuyu hii tu haiyasikia jina. Ya mwisho. Mama, wewe nasema, mimi naangalia saa."

"Dokta haoni ajabu?" Séraphine aliuliza, kwa adabu tu.

"Ajabu ya nini?"

Alijibu kama mtu aliyeulizwa kwa nini kivuli chake kinamfuata.

"Na kama sisemi?" Mukabalisa aliuliza.

"Kama wewe hapana sema, mimi nachukua kibuyu. Natia mu sanduku, natuma Ulaya. Kule watu wa akili watatafuta sababu ya kiburi."

Onésime alikunja mikono yake kisha akaikunjua. "Dokta, leo ni siku ya mutoto..."

"Onésime, wewe ni wa kuosha."

Mukabalisa aliacha maharagwe kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Aliuangalia mkono wa dokta uliolala juu ya mfuniko wa kibuyu cha bibi yake, mkono mweupe wenye nywele nyekundu, na kucha zilizokatwa na mtu mwingine. Akilitaja jina, atakuwa amemshukuru mwizi kwa kinywa chake, mbele ya mjukuu. Asipolitaja, mjukuu atakuwa mgeni na kibuyu kitakufa ndani ya sanduku, juu ya meza ya mtu atakayekiosha kwa sabuni.

"Dokta," alisema, "nieleze kitu kimoja. Mimi ni mutu wa jikoni. Hili jina ni lako?"

Dokta Kerremans alifurahi. Hakuna aliyewahi kumuuliza hilo katika nchi hii, naye alikuwa na jibu tayari. Alipandisha mguu mmoja juu ya mwingine.

"Zamani ilikuwa ya mimi na ya papa yangu. Sasa, hapana. Jina ikiingia mu sayansi, ni ya dunia. Mutu yote anatumia. Amerika anatumia, Urusi anatumia. Kuomba mimi ruhusa, hapana. Ndiyo heshima yake, mama. Heshima kubwa."

"Mutu yote?"

"Mutu yote."

"Hata mimi?"

"Hata wewe," dokta alisema, na kwa kweli aliona huo ni ukarimu.

"Onésime, iandike."

Onésime aliiandika kwa Kifaransa kizuri kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari, na Dokta Kerremans akatia sahihi, kwani kutia sahihi kulimfurahisha daima.

"Dokta angoje kidogo," Mukabalisa alisema. "Nakuja sasa hivi."

Alijifunga kitenge vizuri, akatoka, akavuka njia ya mawe meusi ya volkano mpaka kwa Munyakazi, mlinzi wa viwanja vya kukaushia kahawa. Munyakazi alikuwa na jike la mbwa liitwalo Jembe-Liko-Wapi. Alikuwa amempa jina hilo kwa ajili ya jirani yake Célestin, aliyeazima jembe mwaka juzi. Na kwa kuwa Célestin ni mkubwa wake kanisani na Munyakazi hangeweza kumdai usoni, alisimama tu mlangoni kila jioni na kumwita mbwa. Katika mtaa ule ndivyo ilivyokuwa. Neno lisilosemeka kwa mtu lilipewa mbwa, na hakuna hakimu aliyewahi kumfunga mtu kwa kuita mbwa wake mwenyewe.

Jembe-Liko-Wapi lilikuwa limezaa.

"Nataka mumoja," Mukabalisa alisema.

"Dume ao jike?"

"Mwenye njaa."

Munyakazi alimchagulia dume dogo lenye tumbo la minyoo na sikio moja lililolala. "Huyu anakula hata sabuni. Utamwita nani?"

"Jina liko tayari. Limeletwa na ndege."

Munyakazi alitazama gari lililosimama ng'ambo ya njia, kisha akamtazama mbwa. Hakucheka. Alikwenda tu akachukua kofia yake na kumfuata Mukabalisa, kwa sababu hakutaka kuhadithiwa.

Uani watoto walikuwa wamefika, vijiti mkononi, karibu ishirini. Annonciata alikuwa ameketi mlangoni na mtoto, na Cyprien nyuma yake akijifunga vifungo vya shati. Mukabalisa alimweka mbwa chini mbali kidogo, karibu na mafiga ya nje, akarudi, akaketi penye kibuyu chake. Alimsogeza dokta mkono kutoka kwenye mfuniko, kama mtu anavyomwondoa kuku mezani.

"Mimi tayari," dokta alisema, akiinua mikono yote miwili ili aone saa zote mbili.

Onésime alikuwa ameelewa. Rangi ya uso wake ilikuwa kama jivu. "Yaya," alinong'ona, "watanifukuza kazi. Wewe watakupeleka kwa ajenti wa serikali, wakuchape."

"Amesaini," Mukabalisa alisema. Kisha akageuza uso kuelekea kwenye mafiga na kuita, kwa sauti ile wanayotumia watu wa Masisi kuitia ng'ombe ng'ambo ya bonde:

"Kerremans! Kerremans, kuya hapa! Acha kulamba masufuria ya watu, Kerremans, hujafundishwa kwenu?"

Maziwa yakaganda. Yalifanya ile sauti yao ya mtu mnene anayeketi, na mfuniko ukashuka kidogo. Mbwa naye akaja, akijikwaa, mkia ukimpiga mbavuni.

Watoto waliangalia mbwa. Séraphine aliangalia mawingu, na mabega yake yalikuwa yakitikisika. Masikio ya Dokta Kerremans yalikuwa mekundu kama nyanya, na kwa muda mfupi alionekana kama mtu mwenye jambo la kusema. Lakini saa zilikuwa zinaenda, na yeye alikuwa mtaalamu. Aliinamisha kichwa akaandika: *sekunde nne. Sauti: ya mwanamke. Anayeitwa: mbwa. Matokeo: kamili.* Akafikiri. Akarudi juu ya ukurasa, akaandika kichwa cha habari na kukipigia mistari miwili: *Athari ya Kerremans.* Uso wake ukatulia. Alikuwa amepata ugunduzi wa pili.

"Na hiyo pia ni ya dunia?" Mukabalisa aliuliza.

"Ya dunia," dokta alisema, akifunga daftari. Aliondoka bila kuaga, akimruka mbwa.

Mukabalisa alimwona akiingia ndani ya gari na kitabu chake kwapani. Alijua kwamba kitaandikwa, kitapigwa chapa, kitarudi na ndege, na kwamba chini kabisa kutakuwa na mzawa mmoja aliyeosha kitu. Alijua pia kwamba kesho jioni atakapofunga kibuyu itabidi aite tena, na kesho kutwa, na kwamba Annonciata ataita baada yake, na kwamba Nyiransengimana, popote alipo, ameachishwa kazi bila barua. Alilijua lote hilo, na watoto ishirini walikuwa wamesimama na vijiti.

"Munangoja nini? Mulime!" alisema.

Wakalima. Aliwamwagia maji, wakakimbilia ndani wakipiga kelele. Alichovya kidole kwenye kibuyu, akatia tone mdomoni mwa mjukuu, naye mjukuu akakunja uso kisha akalamba. Halafu akaanza kugawa vikombe, mkubwa kwa mdogo. Cha ishirini na moja akakimimina kwenye kigae, akakiweka chini mbele ya mbwa.

"Maziwa mazima, yaya?" Onésime alisema. "Mbwa?"

"Ametoa jina lake," Mukabalisa alijibu. "Nyumba hii inalipa."